KUTUNDIKA DALUGA KWENYE KRIKETI: Wakongwe wanajuaje kwamba muda umefika?

Najua wengi mnaoingia hapa mnafuata mambo ya Simba na Yanga, na wengine mko kafe na dakika zenu zinahesabiwa. Leo naomba mnivumilie, nawaletea mchezo ambao mitaani kwetu hauongelewi sana: kriketi. Sio mechi ya jana wala ya juzi. Nataka tuongelee jambo moja tu, mchezaji mkongwe anaamuaje kuiacha timu ya taifa?

Kilichonifanya niandike ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Ana miaka 41, anacheza kriketi ya klabu hapa Dar tangu mimi sijaanza shule. Timu ya taifa hakuifikia, lakini kila Jumamosi begi lake liko begani. Msimu huu goti linamsumbua, na pale klabuni kuna dogo wa miaka 19 anayerusha mpira vizuri sana ila nafasi hana, kwa sababu nafasi ni ya mjomba. Kapteni wao alimwambia kwa adabu, "Mzee, hebu fikiria." Basi akaja nyumbani, akakaa kimya, halafu akaniuliza, "Mjomba, wewe si unashinda kwenye mtandao? Hebu niangalizie hao wakubwa huwa wanaachaje."

Nikaangalia. Nilichokipata nimekipanga hapa chini, mtu akitaka kujua habari hizi asihangaike kama nilivyohangaika mimi.

1. KWANZA, MSINGI KIDOGO

Kwa ambao hawaujui huu mchezo: timu mbili, watu 11 kwa 11. Mmoja anarusha mpira, mwingine anapiga. Anayepiga anatafuta mikimbio, anayerusha anatafuta wiketi, yaani kumtoa mpigaji. Mipira sita halali inaitwa ova moja. Basi, ukijua hayo unaweza kuendelea kusoma.

Kriketi ya kimataifa ina aina tatu za mechi. Kuna Testi, inayochezwa hadi siku tano, ambayo ilianza mwaka 1877 kule Melbourne, Australia na Uingereza. Kuna mechi ya siku moja, ambayo siku hizi ni ova 50 kila upande, iliyoanza mwaka 1971. Halafu kuna ya ova 20, inayoisha ndani ya saa tatu hivi. Hii walianza wanawake mwaka 2004, wanaume wakafuata mwaka 2005.

Hili ni muhimu kwenye habari yetu, maana mchezaji anaweza kustaafu aina moja akabaki kwenye nyingine. Kwenye soka ukisema umeiacha timu ya taifa umeiacha yote. Kwenye kriketi unaweza kuziacha Testi kwa sababu mwili hauwezi siku tano, ukaendelea na ova 50. Mfano Virat Kohli wa India: aliaga mechi za ova 20 Juni 2024 baada ya kubeba Kombe la Dunia, akaaga Testi Mei 2025 akiwa na mikimbio 9,230, na ova 50 akabakiza. Kwa hiyo ukisikia "fulani kastaafu", uliza kwanza: kastaafu ipi?

2. HAKUNA UMRI WA KISHERIA

Mwaka 2020 Baraza la Kriketi la Kimataifa (ICC) liliweka umri wa chini wa kucheza mechi za kimataifa kuwa miaka 15. Umri wa juu haupo. Aliyecheza Testi akiwa mzee kuliko wote ni Mwingereza Wilfred Rhodes, mwaka 1930 kule Kingston, Jamaica, akiwa na miaka 52. Ndiyo, hamsini na mbili! Mjomba nilipomsomea hapo alitabasamu kidogo.

Zamani hayo yaliwezekana kwa sababu mechi zilikuwa chache na kasi ya mchezo ilikuwa nyingine. Siku hizi mtu anacheza mwaka mzima, leo yuko India, kesho Australia, keshokutwa Uingereza. Mwili unachakaa mapema.

Katika kupekua nimekutana na kitu cha ajabu, umri wa miaka 39. Don Bradman wa Australia alicheza Testi yake ya mwisho akiwa na 39 (1948). Imran Khan wa Pakistan alibeba Kombe la Dunia akiwa na 39 (1992) na hakuichezea tena timu ya taifa. Rahul Dravid wa India alitangaza kustaafu akiwa na 39 (2012). MS Dhoni, 39 (2020). Mithali Raj na Jhulan Goswami, mabibi wakubwa wa kriketi ya India, wote 39 (2022). Na Wakenya wetu wawili nitawataja huko chini, nao 39. Sisemi ni sheria, inaweza kuwa bahati tu. Lakini inaonekana mtu akiikaribia 40 kuna sauti inaanza kumwambia kitu.

3. DALILI AMBAZO WENYEWE WAMEZITAJA

a) Mwili. Wanaorusha kwa kasi ndio huumia zaidi, maana kila mpira unapiga goti, mgongo na kifundo cha mguu. Wanaorusha taratibu, wale wa kuzungusha mpira, hudumu zaidi, ila nao wana yao. Graeme Swann wa Uingereza alikuwa wa kuzungusha, na kiwiko kilichofanyiwa upasuaji ndicho kilichomshinda. Desemba 2013 aliacha katikati ya ziara ya Australia, Testi tatu zimeshachezwa na mfululizo umeshapotea, bado mbili. Kuna waliosema kawakimbia wenzake, wengine wakasema ni afadhali kuwa mkweli kuliko kujificha kwenye timu.

b) Sekunde moja tu. Adam Gilchrist wa Australia, mmoja wa wadaka mpira bora nyuma ya wiketi, Januari 2008 kule Adelaide aliangusha mpira wa VVS Laxman wa India, mpira ambao siku zote angeudaka. Mwenyewe amesimulia kwamba muda ule ule alijua amemaliza. Alikuwa na miaka 36. Kabla mechi haijaisha alikuwa ameshatangaza.

c) Kichwa. Marcus Trescothick wa Uingereza alikuwa mpigaji hatari sana, lakini ziara ndefu za mbali na nyumbani zilimletea msongo mkubwa wa mawazo. Mwaka 2006 alirudi nyumbani kutoka India, halafu tena kutoka Australia. Machi 2008 akaaga timu ya taifa. Mkono ulikuwa bado mzima kabisa: aliendelea kuchezea Somerset mpaka 2019, miaka 11 zaidi! Maana yake mtu anaweza kustaafu kimataifa huku uwezo bado anao. Sisi mashabiki hapo ndipo tunapokuwa wepesi kutukana.

d) Kuambiwa. Hii inauma. Charlotte Edwards, nahodha wa timu ya wanawake ya Uingereza kwa miaka 10, aliacha Mei 2016 baada ya kocha mpya kumweleza kwamba anataka kujenga timu bila yeye. James Anderson, mwenye wiketi nyingi za Testi kuliko mrushaji yeyote wa kasi, naye aliitwa mwaka 2024 na kuambiwa kwamba timu inaangalia mbele. Wakampa Testi moja ya kuaga kule Lord's, Julai 2024. Akamaliza na wiketi 704 katika Testi 188, akiwa na miaka 41. Wengi waliomsikiliza walielewa kwamba angeachiwa mwenyewe angeendelea.

e) Pesa. Tangu ligi ya India, IPL, ianze mwaka 2008, mchezaji ana pa kwenda akiiacha timu ya taifa. Trent Boult wa New Zealand aliomba kuachiwa mkataba wa taifa Agosti 2022 ili apate muda na familia na kucheza ligi. Nicholas Pooran wa West Indies aliaga kimataifa Juni 2025 akiwa na miaka 29 tu. Ishirini na tisa! Zamani huo ndio umri mtu anaanza kukolea. Kwa hiyo neno "mkongwe" lenyewe limebadilika, kuna wakongwe wa miaka 42 na kuna wanaostaafu hata mvi moja hawana.

4. WALIOAGWA VIZURI

Kila mchezaji anaota kuondoka kwa kishindo. Waliofanikiwa ni wachache:

- Muttiah Muralitharan (Sri Lanka), Galle, Julai 2010. Alitangaza kabla ya mechi kwamba hii ndiyo Testi yake ya mwisho, na wakati huo alikuwa na wiketi 792. Alihitaji nane zifike 800. Akazipata, ya nane ikiwa wiketi ya mwisho kabisa ya India. Mpaka leo hakuna aliyefika 800 zaidi yake.

- Alastair Cook (Uingereza), London, Septemba 2018. Testi yake ya kwanza mwaka 2006 alipiga senchuri (mikimbio 100 au zaidi) dhidi ya India. Ya mwisho akapiga tena, 147, dhidi ya India hao hao.

- Stuart Broad (Uingereza), uwanja ule ule wa The Oval, Julai 2023. Mpira wa mwisho aliopiga uliruka nje, mikimbio sita. Mpira wa mwisho aliorusha ukampa wiketi na Uingereza ikashinda mechi. Ungeweka kwenye filamu watu wangesema umetia chumvi.

- Sachin Tendulkar (India), Mumbai, Novemba 2013. Testi yake ya 200, mjini kwao, miaka 24 tangu aanze akiwa na miaka 16. Alipiga 74. Watu wazima walilia uwanjani na kwenye runinga.

- Misbah-ul-Haq na Younis Khan (Pakistan), Dominica, Mei 2017. Waliaga pamoja, na katika mechi hiyo Pakistan ilishinda kwa mara ya kwanza mfululizo wa Testi ndani ya West Indies, wiketi ya mwisho ikianguka dakika za lala salama. Misbah alikuwa na miaka 42, na unahodha wa Testi alipewa akiwa na 36, umri ambao wengine wanaanza kufunga mabegi.

Ila wadau, kuaga vizuri sio lazima kuendane na uwezo. Don Bradman, ambaye wengi wanamwita mpigaji bora wa wakati wote, aliingia kupiga mara ya mwisho Agosti 1948 pale pale The Oval. Alihitaji mikimbio minne tu wastani wake wa maisha uwe 100 kamili. Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili, sifuri. Wastani ukabaki 99.94. Sasa fikiria, hiyo namba isiyotimia ndiyo watu wanaikumbuka. Angepata 100 pengine isingenoga hivyo.

5. WALIOONDOKA KIMYA KIMYA

Wengine hawakupata hata mechi ya kuaga, au hawakuitaka.

MS Dhoni aliacha Testi Desemba 2014 katikati ya ziara ya Australia, mechi ya Melbourne imekwisha sare, watu wakashtukia tu taarifa imetoka. Halafu mechi yake ya mwisho ya kimataifa ikawa nusu fainali ya Kombe la Dunia Julai 2019 dhidi ya New Zealand, alipotolewa akiwa mbioni, na India ikalala. Hakusema kitu kwa zaidi ya mwaka. Agosti 15, 2020 akaweka ujumbe mfupi kwenye Instagram, basi.

VVS Laxman, yule yule ambaye mpira wake ulimstaafisha Gilchrist, aliteuliwa kucheza dhidi ya New Zealand Agosti 2012, na mechi ya kwanza ilikuwa Hyderabad, kwao. Angeweza kucheza na kuagwa na majirani zake. Yeye akatangaza kuacha pale pale kabla mechi haijachezwa. Nasafi iwe ya kijana.

Ravichandran Ashwin naye, wiketi 537 za Testi, aliaga Desemba 2024 pale Brisbane katikati ya mfululizo, kesho yake akawa ameshafika kwao.

Na kuna wale ambao hawakutangaza kabisa. Orodha ya timu inatoka, jina halipo. Inatoka nyingine, halipo. Mpaka mtu mwenyewe anaelewa. Hawa ndio wengi zaidi, ila hakuna anayewaandika.

6. WALIOAGA WAKARUDI

Hapa ndipo mjomba alipokaa vizuri kwenye kiti.

Imran Khan alistaafu mwaka 1987 baada ya Pakistan kutolewa nusu fainali ya Kombe la Dunia nyumbani kwao. Mwaka 1988 Rais Zia-ul-Haq alimwomba hadharani arudi, akarudi. Machi 25, 1992 pale Melbourne akapiga mikimbio 72 kwenye fainali, Pakistan ikaifunga Uingereza kwa mikimbio 22. Asingerudi, kombe lile pengine lisingekuja.

Bob Simpson wa Australia alirudi mwaka 1977 akiwa na miaka 41, baada ya miaka 10 ya kustaafu, maana wachezaji wakubwa wa Australia walikuwa wamechukuliwa na ligi ya tajiri Kerry Packer. Nchi ilihitaji mtu mzima wa kuongoza vijana.

Moeen Ali wa Uingereza aliacha Testi mwaka 2021, mwaka 2023 mrushaji wao akaumia, nahodha Ben Stokes akamtumia ujumbe, akarudi kucheza na Australia. Kidole chake kilichubuka vibaya kwa sababu kilikuwa kimeshazoea kupumzika. Ilipoisha akaaga tena.

Lakini mlango hauko wazi siku zote. AB de Villiers wa Afrika Kusini aliaga Mei 2018 akiwa na miaka 34, akasema amechoka. Mwaka uliofuata, Kombe la Dunia likiwa mlangoni, alionyesha nia ya kurudi. Wakuu wa timu wakakataa, wakisema haitakuwa haki kwa waliopambana muda wote yeye akiwa hayupo. Na Shahid Afridi wa Pakistan aliaga na kurudi mara nyingi hadi ikawa utani. Ukiaga mara ya nne, nani atakuletea maua?

7. NA SISI HUKU AFRIKA MASHARIKI?

Msidhani hii ni habari ya Wahindi na Waingereza tu. Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, mwaka 1975, lilikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, wachezaji wakitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Na hadithi za wakongwe tunazo, tena kali.

AASIF KARIM, mzaliwa wa Mombasa. Mrushaji wa kuzungusha mpira kwa mkono wa kushoto, aliiongoza Kenya kwenye Kombe la Dunia 1999 kisha akastaafu. Mwaka 2003 akaombwa arudi, akiwa na miaka 39. Machi 15, 2003 pale Durban, Kenya ilicheza na Australia, mabingwa wa dunia, timu ambayo haikufungwa hata mechi moja kwenye mashindano yale. Kenya ilikuwa imepata 174 tu. Karim akapewa mpira. Akarusha ova 8 na mipira 2, jumla mipira 50. Ova sita kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Kwa ujumla alitoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3, akiwemo nahodha Ricky Ponting. Australia ilishinda kwa wiketi tano, lakini mchezaji bora wa mechi akawa mzee wa Mombasa. Kenya ikacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia, na mashindano yalipoisha Karim akarudi kwenye maisha yake. Hakungoja kuambiwa.

STEVE TIKOLO. Pengine ndiye mpigaji bora kuwahi kutoka Kenya. Alicheza Makombe ya Dunia matano, 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011. Aliaga baada ya lile la 2011 akiwa na miaka 39, na Kenya haikushinda mechi hata moja safari ile. Mwaka 2013 akaitwa tena kwa mechi za kufuzu, miaka 42. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza rasmi mechi za ova 50 za kimataifa. Hapa mimi nilijiuliza: kumwita mzee wa miaka 42 ni heshima kwake, au ni dalili kwamba hakuna aliyeandaliwa nyuma yake?

COLLINS OBUYA. Mwaka 2003 alikuwa kijana aliyechukua wiketi tano na kuiangusha Sri Lanka pale Nairobi. Mwaka 2011 alipiga 98 bila kutolewa dhidi ya Australia, mbili tu zimemkosesha senchuri. Aliaga mwaka 2024 baada ya Michezo ya Afrika kule Accra, Ghana, miaka 42. Alikuwa wa mwisho mwisho wa kizazi kile.

FRANK NSUBUGA wa Uganda. Huyu ndiye jibu la kila anayesema wazee watoke. Alianza mwaka 1997 akiwa na miaka 16, akichezea timu ya Afrika Mashariki na Kati. Akasubiri miaka 27. Juni 2024 Uganda ikacheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, yeye akiwa na miaka 43, mkubwa kuliko wachezaji wote wa mashindano. Dhidi ya Papua New Guinea, kule Guyana, alirusha ova zake nne akatoa mikimbio 4 na kuchukua wiketi 2. Siku ile hakuna aliyekuwa amewahi kutoa mikimbio michache hivyo kwa ova nne kwenye Kombe hilo. Uganda ikashinda, ushindi wao wa kwanza wa Kombe la Dunia. Angetundika daluga akiwa na 39 kama wenzake, asingeuona.

Ukiangalia vizuri utaona tofauti. India au Australia mkongwe anang'ang'ania huku nyuma yake kuna foleni ya vijana mia. Huku kwetu mara nyingi anabaki kwa sababu nyuma hakuna foleni. Wala halipwi kama wale. Wengi wana kazi nyingine, Karim mwenyewe alikuwa mtu wa bima. Kwa hiyo wa kwetu akiamua kuacha, hesabu yake ni nyingine: kazi, familia, ruhusa ya bosi, nauli.

Na kwa Watanzania, tangu Januari 2019 ICC ilizipa mechi zote za ova 20 za wanaume kati ya nchi wanachama hadhi ya kimataifa. Maana yake wachezaji wetu wakiivaa jezi ya Tanzania nao wanacheza kimataifa rasmi, na siku moja watastaafu kimataifa rasmi. Tuwaandike basi!

8. KWA UFUPI, MASWALI MATANO

Baada ya kusoma hadithi zote hizi nimepata maswali ambayo naona kila mkongwe anapaswa kujiuliza. Haya ni yangu, msiyaite ya kitaalamu:

1. Mwili ukiuma, unapona kabla ya mechi inayofuata au hauponi?
2. Mpira uliokuwa unaudaka umelala, bado unaudaka?
3. Unaenda mazoezini kwa hamu au kwa mazoea?
4. Nyuma yako kuna mtu tayari? Kama yupo, unamfundisha au unamzibia?
5. Ukiacha leo, utafurahi au utapiga simu baada ya miezi sita kuomba kurudi?

La nne ndilo zito. Jhulan Goswami alistaafu Septemba 2022 pale Lord's na wiketi 255 za ova 50, nyingi kuliko mwanamke yeyote wakati anaondoka, lakini Kombe la Dunia hakuwahi kulibeba. Mithali Raj vivyo hivyo, miaka 23 bila kombe. Novemba 2, 2025 India ya wanawake ikalichukua, ikiwafunga Afrika Kusini kule Navi Mumbai. Wale vijana walifanyaje? Waliwaita dada zao wastaafu uwanjani, wakawapa kombe walinyanyue. Jhulan akalia. Kwa hiyo kumwachia mdogo wako nafasi sio mwisho wa wewe kushinda.

MWISHO

Niliprinti rasimu ya makala hii pale kafe, kurasa nne, nikampelekea mjomba. Alisoma yote taratibu, kidole kwenye mstari. Kisha akauliza:

"Huyu Karim alikuwa na mingapi vile?"

"Thelathini na tisa."

"Mimi nimeshampita." Akanyamaza. "Na huyu Mganda?"

"Arobaini na tatu."

Akacheka mpaka akashika goti. Nikamwambia, "Lakini mjomba, swali la nne hujalijibu." Hakusema kitu, akazikunja zile karatasi akaweka mfukoni.

Jumamosi iliyopita nilienda uwanjani kuangalia. Yule dogo wa miaka 19 alianza, na mjomba alikuwa pembeni ya uwanja, begi miguuni, anamwonyesha kwa vidole jinsi ya kushika mpira. Dogo akapata wiketi mbili. Nikamuuliza mjomba njiani kama ndiyo amestaafu. Akasema, "Nani kakwambia? Wiki ijayo dogo ana mtihani."

Ndiyo hivyo wadau. Kama kwenu kuna mkongwe wa mchezo wowote ambaye aliacha vizuri, au aliyeng'ang'ania mpaka ikawa aibu, tuandikieni hapo chini kwenye maoni. Na ninyi wa Mombasa na Kampala msikae kimya, hizi hadithi ni zenu. Kwa leo naishia hapa, dakika zangu zimekwisha.